Kabla Hujafungua Mlango wa Banda

Januari 2017, kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, ndege wa majini walikutwa wamekufa kwa wingi. Wengi walikuwa membe wenye mabawa meupe, ndege wadogo wanaohamia Ziwa Victoria kila mwaka kukwepa baridi ya Ulaya na Asia. Vipimo vikaonyesha homa kali ya mafua ya ndege, aina ya H5N8, na ugonjwa huohuo ukabainika kwa bata na kuku wa kufugwa upande wa Masaka. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda. Kabla mwaka haujaisha, virusi hivyo vilikuwa vimeonekana pia Ituri, mashariki ya Kongo, kando ya Ziwa Albert.

Ndege wa ziwani hawajui mpaka wa Mutukula, kati ya Uganda na Tanzania. Kwa hiyo kila tangazo la mlipuko linaposikika, ushauri unaotolewa redioni ni mmoja: fungieni kuku ndani. Ni ushauri sahihi pale unapoweza kutekelezwa. England ilitoa amri hiyo kwa wafugaji wote, wakubwa kwa wadogo, kuanzia tarehe 7 Novemba 2022 hadi 18 Aprili 2023, na watu walitii, kwa sababu mfugaji wa kule hununua chakula cha mifuko na banda lake limejengwa kuku ashinde ndani. Mama wa Muleba au Sengerema mwenye kuku kumi na watano wa kienyeji hana hali hiyo. Kuku mkubwa hula takriban gramu 100 kwa siku. Kuku kumi na watano watamaliza kilo 45 kwa mwezi, karibu nusu gunia, na faida ya kuku hao ni kwamba wamekuwa wakijitafutia. Ukimwambia awafungie miezi mitano, atawafungia siku tatu. Siku ya nne atawaachia alfajiri waende wanakotaka, na hapo hakuna kinga yoyote iliyobaki.

Huyo ndiye ninayemwandikia. Kati ya kufungia kabisa na kuachia kabisa kuna ufugaji wa katikati unaopunguza hatari kwa kiasi kikubwa, na hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji kujua virusi hupita wapi ili uzibe hapo kwanza.

Hivi ni virusi vya ndege wa majini kwa asili. Bata mwitu wengi huvibeba tumboni bila dalili yoyote na kuvitoa kwa kinyesi kwenye maji wanamoogelea. Kuku wako hapati ugonjwa kwa sababu tu yuko nje. Huupata anapokunywa maji hayo, anapodonoa punje iliyoangukiwa na kinyesi, anapochakura tope la bondeni, anapokaa na ndege mwingine mgonjwa, au pale unapomletea wewe mwenyewe kwa kiatu, tenga au mikono. Nguvu ya virusi hutegemea hali ya mahali. Kwenye kinyesi chenye ubaridi wa nyuzi 4, virusi vya H5N1, aina nyingine ya mafua ya ndege, vimeonekana kuishi hadi siku 35. Kwenye joto la nyuzi 37 viliishi siku 6. Jua kali na ukavu huvimaliza upesi zaidi, na sabuni ya kawaida huvivunja, maana vimefunikwa na utando wa mafuta. Vinachopenda ni maji, tope, kivuli na ubaridi.

Basi anza na maji. Ukiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu baada ya kusoma makala hii, liwe hili: kuku wako wasinywe maji ya nje. Maji ya ziwa, ya lambo, ya mfereji wa mpunga na ya dimbwi lililobaki barabarani baada ya mvua yote ni ya kukataa. Wape maji ya kisima kilichofunikwa au ya bomba, ndani ya banda au chini ya paa, kwenye chombo kilichoinuliwa hadi usawa wa mgongo wa kuku ili wasikichafue kwa miguu. Kama huna ila maji ya ziwani, yatibu kwa dawa ya klorini ileile ya maji ya kunywa ya nyumbani, kwa kipimo kilekile cha binadamu, au yachemshe na kuyapoza. Maji ya paa nayo yanadanganya. Njiwa, kunguru na yangeyange hutua juu ya bati, na mvua ya kwanza huosha kinyesi chao chote na kukiingiza kwenye pipa. Acha mvua ya mwanzo imwagike kabla ya kukinga, na hata hayo utakayokinga yatibu. Kisha tembea kwenye uwanja wako baada ya mvua uone maji yanatuama wapi. Fukia mashimo hayo kwa udongo na kokoto. Kuku mwenye maji safi bandani bado atakunywa dimbwi akilikuta njiani, kwa hiyo kumwekea maji safi bila kufukia dimbwi ni nusu ya kazi.

Chakula kifuate njia hiyohiyo. Mazoea ya kumwaga pumba na makombo ya ugali katikati ya uwanja, kuku wakakimbilia kutoka kila pembe, hukusanya pia njiwa, shomoro, yangeyange na kunguru. Unakuwa umewaalika ndege wa porini wale sahani moja na kuku wako. Lisha ndani, asubuhi na jioni, hata kama ni kiganja tu cha mtama kwa kila kuku, na ufagie kilichobaki. Magunia ya chakula yafungwe. Watu wa Pwani wawe macho zaidi na kunguru weusi wale waliotokea India, waliojaa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa: hula mizoga na utumbo unaotupwa majalalani, kisha hurukia uwanja wa nyumba ya pili. Utumbo na manyoya ya kuku uliyemchinja vizikwe siku hiyohiyo, kina cha kutosha mbwa asifukue.

Sasa bata. Hapa ndipo nabishana na wafugaji wengi wa kanda ya ziwa na wa mabonde ya mpunga, na sitaacha kubishana. Bata anaonekana hana shida. Anaamka, anateremka bondeni, anashinda na ndege wa porini ndani ya maji, jioni anarudi na kulala kwenye banda moja na kuku. Bata wa kufugwa anaweza kubeba virusi hivi siku kadhaa na kuvitoa kwa kinyesi huku anakula na kutembea kama kawaida. Kuku atakayevipokea kwake hana uvumilivu huo. Anaweza kufa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo wakati wa tahadhari, bata na mabata bukini watengwe na kuku: banda lao, chombo chao cha maji, uwanja wao, na wasiteremke ziwani wala mashambani. Wape beseni au karai la kuchovya kichwa na kuosha macho, hilo wanalihitaji kwa afya yao, na ulimwage mahali ambapo kuku hawafiki. Kama huna nafasi ya mabanda mawili, nakushauri kwa moyo mweupe uchague moja kati ya bata na kuku. Kuwafuga pamoja kando ya maji ni kujiwekea mtego.

Ukishamaliza maji, chakula na bata, ndipo tuzungumze kuhusu kuwatoa nje.

Uwanja bora wa wakati huu ni mdogo, mkavu, wenye uzio, na ulio wazi kwa jua. Uzio wa mianzi, wa fito au wa wavu unatosha kuwazuia wasiende bondeni. Usiuweke chini ya mti mkubwa ambao yangeyange au njiwa hulala juu yake. Ukiona udongo umepauka kwa kinyesi cheupe, hama hapo hata kama kivuli ni kizuri. Sehemu moja ya uwanja iwe na paa la bati, makuti au turubai, na chini yake uweke shimo la majivu na mchanga wa kujigaragazia. Watu hununua wavu wa juu wakidhani wamemaliza. Wavu humzuia mwewe na bata mwitu, lakini kinyesi hupita kwenye matundu, kwa hiyo sehemu wanayoshinda kuku muda mrefu inahitaji paa linalozuia maji. Kwa koo na vifaranga wake, tenga kubwa lililofunikwa kwa juu, linalohamishwa kila siku kwenye nyasi kavu, linafanya kazi vizuri kuliko vitu vingi vya kununua.

Kisha kuna suala la saa, ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha. Desturi yetu ni kufungulia alfajiri. Wakati huo umande haujakauka na udongo bado ni wa baridi. Mimi napendekeza kinyume chake: wafungie hadi alasiri, uwafungulie saa kumi jioni. Jua limeupiga uwanja mchana kutwa na kuukausha. Mitetea wengi hutaga asubuhi na mchana, hivyo mayai yatakuwa yamebaki kwenye viota vyako wala si kichakani kwa jirani. Giza linapokaribia watarudi wenyewe, maana hakuna kuku anayependa kukutwa nje na usiku. Utakuwa umewapa saa mbili au mbili na nusu za kuchakura badala ya kumi na mbili, na kuku aliyelishwa kabla ya kutoka haendi mbali. Utaratibu huu hauondoi hatari. Unaipunguza, na mtu anaweza kuufuata miezi mingi bila kuchoka.

Miezi yenyewe inajulikana. Ndege wahamaji huanza kufika kwetu Septemba na Oktoba, huondoka kufikia Aprili. Tukio la Uganda lilitokea Januari, katikati ya kipindi hicho. Usisubiri tangazo. Ukiishi kando ya ziwa, kwenye delta ya Rufiji, bonde la Kilombero au karibu na maziwa ya Bonde la Ufa, fanya Oktoba hadi Aprili kuwa msimu wako wa alasiri, hata kama hakuna habari yoyote ya ugonjwa. Kusipokuwa na tishio, kuanzia Mei unaweza kulegeza.

Mlango mwingine wa virusi ni sisi wenyewe, na katika vijiji vilivyo mbali na maji huenda ndio mkubwa zaidi. Mchuuzi wa kuku anapita nyumba kwa nyumba na matenga yaliyojaa ndege wa vijiji vitatu, anaegesha pikipiki au baiskeli yake ndani ya uwanja wako, anaingia bandani kuchagua jogoo. Mwuzie, lakini nje, njiani, na umletee wewe kuku aliyemtaka. Kuku uliyempeleka gulioni akakosa mnunuzi asirudi kulala na wenzake. Atengwe wiki mbili, mbali, ahudumiwe mwisho baada ya wengine. Hivyohivyo kwa kuku wa zawadi. Najua kumpa mgeni kuku hai ni heshima kubwa kwetu na sisemi umkatalie shangazi aliyembeba toka mbali. Mpokee kwa mikono miwili, kisha umweke kwenye tenga lake.

Kuhusu viatu: wataalamu husema weka karai la dawa mlangoni mwa banda. Kwa mashamba makubwa ni sawa. Nyumbani karai hilo hujaa tope na majani ndani ya siku moja, na dawa iliyochanganyika na uchafu haina nguvu. Afadhali uwe na ndala za bandani, zinazokaa mlangoni na hazitoki hapo. Unavua za nje, unavaa hizo, ukitoka unanawa mikono kwa sabuni. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi anayefungua banda ni mtoto kabla hajaenda shule, mfundishe yeye kwanza. Ajue pia kutomgusa kamwe ndege aliyekufa, wa kufugwa au wa porini, hata manyoya yake yakiwa mazuri namna gani.

Kuna jambo linaloonekana kuwa la ugonjwa mwingine lakini linahusu huu moja kwa moja: chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo ndio unaofagia kuku wetu wa kienyeji mwaka hadi mwaka, na dalili zake kwa macho hazitofautiani sana na za mafua ya ndege: kuzubaa, kuharisha kijani, shingo kupinda, vifo vingi kwa mkupuo. Kijiji kisichochanja kimezoea vifo hivyo. Kuku ishirini wakifa, watu husema ni mdondo wa kila mwaka, na mafua ya ndege yakiingia yatajificha humo wiki nzima. Chanja kuku wote, wakubwa na vifaranga, kwa tone moja la I-2 jichoni, urudie kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hiyo inastahimili joto na hutengenezwa hapa Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Haizuii mafua ya ndege hata kidogo. Lakini banda lililochanjwa vizuri likianza kufa ghafla, utajua haraka kuwa hili si la kawaida.

Na dalili za kukustua ni hizi: kuku kadhaa kufa ndani ya siku moja au mbili bila kuugua kwanza, kichwa na uso kuvimba, upanga na ndevu kugeuka rangi ya zambarau, madoa ya damu chini ya ngozi ya miguu, kuacha kutaga ghafla au kutaga mayai yenye ganda laini. Ndege wa porini kukutwa wamekufa karibu nawe nako ni dalili.

Ukiona hivyo, funga banda na usimtoe kuku yeyote, wa kuuza wala wa kugawa. Mpigie afisa mifugo wa kata, au mtendaji wa kijiji akufikishie taarifa. Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inayotaka magonjwa ya aina hii yatolewe taarifa. Naelewa woga uliopo. Mtu anajua kwamba akisema, kuku wake wote na wa majirani wanaweza kuuawa. Naamini kabisa kwamba serikali inayotaka kuambiwa mapema inapaswa kuwalipa fidia wafugaji hao bila kuwazungusha, maana kuku hao ndio sare za shule na dawa za nyumba nzima. Lakini ukificha, ugonjwa hautakuachia hata mmoja, na utaupeleka kwa jirani aliyekuwa na nafasi ya kuokoa wake.

Lipo lingine zito zaidi. Mazoea ya kumwahi kuku anayezubaa, kumchinja ili asife bure, ni ya hatari hasa katika ugonjwa huu. Waliougua mafua ya ndege duniani wengi waliwashika, waliwanyonyoa au waliwapasua ndege wagonjwa. Mwaka 1997 Hong Kong watu 18 waliambukizwa H5N1 na sita wakafariki. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limepokea taarifa za wagonjwa zaidi ya 900 wa virusi hivyo, karibu nusu yao wakafa. Nyama iliyoiva vizuri hadi ndani haina tatizo, kwa kuwa nyuzi 70 huviua virusi. Hatari iko kabla ya sufuria, kwenye damu, utumbo na manyoya, na kazi hiyo kwetu hufanywa na kina mama na mabinti. Kuku mgonjwa asichinjwe. Aliyekufa azikwe au achomwe, na anayemshika afunike mikono kwa mifuko ya plastiki, mdomo na pua kwa kitambaa, kisha aoge kwa sabuni. Akipata homa na kikohozi katika siku kumi zinazofuata, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba alishika kuku wagonjwa.

Ugonjwa ukithibitishwa katika kata yako au ya jirani, utaratibu wa alasiri unasimama. Hapo ni kufungia kabisa, bila kuchuja maneno, hadi mtaalamu wa mifugo aseme vinginevyo. Ili uweze kustahimili, punguza idadi mapema, tishio likiwa bado mbali: majogoo ya ziada na mitetea wazee wauzwe au waliwe wakiwa wazima, ubaki na wa mbegu. Kuku wanne kwa mita moja ya mraba ni kipimo kizuri kwa banda la kushinda ndani. Weka maranda au majani makavu sakafuni na uyageuze yasilowe. Kuku waliofungwa hudonoana kwa uchovu, kwa hiyo waning'inizie fungu la mchicha au majani ya mpapai wayarukie, yawe yameoshwa kwa maji safi na yasitoke bondeni. Mchwa watasaidia sana kupunguza gharama: jaza chungu kwa samadi kavu ya ng'ombe na mabua, kinyunyizie maji kidogo, kifudikize juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi kimejaa. Vifaranga hunenepa kwa mchwa kuliko kwa pumba.

Kama ugonjwa uliingia kwako, usikimbilie kununua wengine. Toa matandazo yote, yalundike mbali na uyafunike yachemke kwa joto lake. Osha banda kwa sabuni kwanza hadi uchafu utoke, ndipo upulize dawa. Ezua upande mmoja kama inawezekana ili jua liingie. Mtaalamu akisharuhusu, weka kuku wawili au watatu tu, wa kutoka kwa mtu unayemfahamu, uwaangalie wiki tatu nzima. Wakiwa wazima, ongeza wengine, na hao wote waanze kwa saa moja ya jioni ndani ya uzio kabla hujawazoesha zaidi.